Burkitt wa Mulago angepimwa kwa namba za leo, angepanda daraja kweli?

Mzee wa Maktaba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa madaktari bingwa niliona watu wanatupiana namba za Google Scholar, yaani makala za mtu zimetajwa (zimenukuliwa) mara ngapi na watafiti wengine. Huyu ana nukuu elfu nane, yule ana h ya 12, basi wa kwanza ndiye bingwa na wa pili akauze mitumba. Sikuchangia kule. Nina mfano mmoja unaonisumbua kila nikisikia hesabu za aina hiyo, na ni mrefu, kwa hiyo nimeona nianzishe uzi wake.

Denis Burkitt. Alizaliwa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Akasomea upasuaji, na mwaka 1946 akaja Uganda kama daktari wa serikali ya kikoloni, akaanzia Lira, kisha akahamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Hakuletwa kufanya utafiti. Kazi yake ilikuwa kupasua: matumbo yaliyojifunga, mifupa, ajali, mabusha. Ila alikuwa na tabia moja ya kuuliza "hii ipo wapi na haipo wapi?" Kule Lango, upande wa Lira, aliwahi kuona kwamba upande mmoja wa wilaya mabusha yamejaa na upande wa pili ni ya kutafuta, na akaliandikia.

Mwaka 1957 mwenzake pale Mulago, Dkt. Hugh Trowell, akamwita amwangalie mtoto mmoja. Taya zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu halivimbi hivyo, na saratani aliyoizoea Burkitt huanzia mahali pamoja. Akapiga picha, akabaki na swali. Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akaona mtoto mwingine amekaa kwenye nyasi na mama yake, uso ule ule. Akatoka nje kwenda kumpima. Tumboni pia kulikuwa na uvimbe.

Akarudi Mulago kufukua mafaili. Akakuta watoto wa aina hiyo wapo wengi, ila kila daktari alikuwa anaandika kiungo chake: huyu taya, huyu figo, huyu ini. Hakuna aliyeona kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha kwenye jarida la upasuaji la Uingereza, British Journal of Surgery, wagonjwa 38. Kichwa cha makala kinasema sarkoma ya taya kwa watoto wa Kiafrika.

Na dunia ikanyamaza. Wanaosoma jarida la upasuaji si wanaotafiti saratani. Kibaya zaidi, jina lenyewe halikuwa sahihi, uvimbe ule si sarkoma, yaani saratani ya mifupa na nyama. Walioliweka sawa ni watu wa maabara pale pale Kampala, Mmarekani George O'Conor pamoja na Profesa Jack Davies wa Makerere, kwamba hii ni limfoma, saratani ya seli za kinga za mwili. Burkitt na O'Conor wakaandika upya mwaka 1961 kwenye jarida la Cancer, na hapo ndipo watu wa saratani wakaanza kugeuza shingo.

Sasa shikeni hesabu. Kile kipimo maarufu cha uzito wa jarida kinachukua nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, kinagawanya kwa idadi ya makala hizo. Maana yake makala ya 1958 ina nafasi ya kuhesabika 1959 na 1960 tu. Miaka ile ile ambayo hakuna aliyejali. Ikija kupata umaarufu 1965, kwa kipimo hicho ni marehemu.

Ngoja nivute pumzi, naendelea chini.

Kinyozi wa Kijiji

Nimeweka kambi. Mleta uzi usitukimbie.

Mzee wa Maktaba

Naendelea.

Kilichoifikisha kazi ile mbali, kwa maoni yangu, ni vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye Google Scholar.

Kwanza, alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wale, zaidi ya elfu moja, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika: je, umewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yakirudi anachomeka pini kwenye ramani ukutani.

Pili, Oktoba 1961 alinunua gari la Ford la mwaka 1954 kwa pauni 250, akapanda na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, wakashuka nalo kusini. Wiki kumi, kilomita kama 16,000, hospitali zaidi ya 50. Walipita Tanganyika miezi ile ile tuliyokuwa tunasubiri Uhuru. Williams ndiye aliyekuwa fundi wa gari. Kila hospitali swali ni moja: mnao? Wakathibitisha kwamba kwenye nyanda za juu zenye baridi hawapo, na kwenye joto na mvua wapo. Aliyewasaidia kuisoma ramani ile ni Alexander Haddow wa taasisi ya virusi pale Entebbe, mtu wa mbu. Yeye aliona mara moja kwamba mpaka ule ni wa joto. Mahali ambapo baridi hushuka kupita kiasi fulani, ugonjwa unakoma. Kwa mtu wa Entebbe hilo linanuka mbu. (Leo tunajua malaria ya mara kwa mara inachangia.)

Tatu, mazungumzo. Tarehe 22 Machi 1961 alialikwa kutoa mhadhara Middlesex Hospital, London. Ukumbini alikuwepo mtafiti anaitwa Anthony Epstein, aliyekuwa akishughulika na virusi vinavyoleta saratani kwa kuku. Alivyosikia saratani inayofuata joto na mvua, akamtafuta Burkitt papo hapo. Wakakubaliana sampuli ziwe zinatumwa kwa ndege kutoka Kampala.

Miaka miwili, sifuri. Desemba 1963 ukungu ukaziba London, ndege ikaelekezwa Manchester, sampuli ikafika imechelewa na maji yake yamechafuka. Mtu yeyote wa maabara angesema bakteria wameingia, tupa. Epstein akaweka tone kwenye hadubini kwanza. Halikuwa na bakteria. Zilikuwa seli za saratani zenyewe, hai, zimejinasua kwenye kinofu kwa misukosuko ya njiani na zinaelea. Kumbe ndivyo zilivyotaka kukuzwa. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakachapisha kwenye jarida la udaktari la Lancet: virusi ndani ya seli za uvimbe wa Burkitt. Kirusi cha kwanza kufungamanishwa na saratani ya binadamu.

Sasa niambieni, ukungu wa London unauwekea nukuu ngapi?

Bint Pangani

Kaka Maktaba, nimesoma yote na nimefurahia, lakini nina ugomvi na wewe. Umechagua mtu ambaye mwisho wa siku alishinda. Rahisi sana leo kusema "namba zingemwonea". Kwa kila Burkitt mmoja wapo mia ambao hawakunukuliwa kwa sababu hawakuwa na cha kunukuliwa.

Na nikuulize: tukitupa namba, tunabaki na nini? Tunabaki na kujuana. Mkuu wa idara anampandisha mpwa wake, anasema "kazi yake ina thamani ambayo haionekani". Mimi mwanamke, nimekaa vikao hivyo. Namba ikiwa mezani angalau nina pa kushika. Jorge Hirsch, yule mwanafizikia wa California aliyeleta kipimo cha h mwaka 2005, alitaka kitu ambacho mtu hawezi kukipandisha kwa makala moja ya bahati wala kwa rundo la makala takataka. Hilo si wazo baya.

Mhadhiri Mchovu

Bint Pangani umesema kweli, lakini ngoja niwaeleze jikoni kunavyopikwa.

Kwetu kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi unahitaji pointi. Kila chapisho lina pointi zake, na pointi zinagawanywa kulingana na idadi ya waandishi na nani yuko wa kwanza. Safi kabisa kwenye karatasi. Matokeo yake ni nini? Utafiti mmoja wa mwaka mzima unakatwa vipande: kipande cha akina mama, kipande cha watoto, kipande cha mjini, kipande cha vijijini. Makala nne, maarifa ya makala moja.

Halafu kuna kuwekana. Wewe niweke kwenye yako, nami nikuweke kwenye yangu. Mtu hajawahi kuliona jedwali la data, jina lake la tano.

Halafu majarida ya kitapeli. Kila asubuhi barua pepe: Mheshimiwa Profesa, tumevutiwa na kazi yako adhimu, tunakualika. Mimi si profesa. Na kazi adhimu wanayoisema ni ya minyoo, wakati jarida lao ni la uhandisi wa umeme. Unalipa dola, wanachapisha ndani ya wiki, hakuna aliyesoma. Na zamani pointi zake zilikuwa zinahesabiwa sawasawa na nyingine! Siku hizi kamati zimeanza kuuliza jarida limesajiliwa wapi, kidogo afadhali.

Namba, dada yangu, na zenyewe zina wajomba zao.

Kinyozi wa Kijiji

"Namba zina wajomba" 😂😂 naiba hii.

Ila wataalamu, hiyo h ni nini? Sisi wengine tuliishia kidato cha nne.

Mzee wa Maktaba

Kinyozi, rahisi tu. Panga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme zina nukuu 50, 18, 6, 4, 3. Hesabu ukishuka: ya nne ina nukuu 4, imefika. Ya tano ina 3, haijafika 5. Basi h yake ni 4. Ile ya 50 ingekuwa na nukuu elfu hamsini, h ingebaki 4 ile ile.

Kwa hiyo mtu aliyeandika makala moja tu maishani, ikaponya dunia nzima, h yake ni 1. Hapo ndipo ninapogombana na Hirsch. Na h haishuki kamwe. Mtu akilala usingizi miaka kumi, inapanda tu.

Bint Pangani, nakubali habari ya kujuana, hilo sina ubishi. Ila angalia na upande wa pili. Makala iliyonukuliwa kuliko zote duniani inajulikana, ni ya Oliver Lowry, 1951, na imepita nukuu 300,000. Ugunduzi gani? Ni njia ya kupima kiasi cha protini kwenye maji. Kila anayepima protini anamtaja. Kazi nzuri yenye manufaa, sawa, lakini nani atasema Lowry kwa makala ile ni mkubwa kuliko waliogundua umbo la DNA?

Tena nukuu haisemi umenukuliwa kwa heri au kwa shari. Andrew Wakefield, yule wa 1998 aliyedai kwenye Lancet kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji, watoto 12. Makala ikafutwa 2010, mwenyewe akafutwa kwenye daftari la madaktari Uingereza. Ina nukuu zaidi ya elfu moja. Waliokaa kuzisoma moja moja wakakuta karibu robo tatu zinaipinga. Kwenye kikokotoo zote ni jumlisha, hakuna kutoa.

Na kwa wanaopenda wingi, yuko Yoshitaka Fujii, daktari wa usingizi wa Japani. Machapisho mia mbili na kitu, wengine wanayatumia kuamua dawa ya kuzuia kutapika baada ya upasuaji. Mwaka 2012 chama cha wenzake kikapitia makala 212, kikakuta 172 zina data ya kubuni. Mwingereza John Carlisle ndiye aliyeonyesha kwa takwimu kwamba namba zile ni nzuri mno kuwa za kweli, wagonjwa halisi hawafanani vile. Fomu ya Fujii ya kupanda daraja ingepita bila swali.

Mtu wa Newala

Mzee umemtaja Haddow na Entebbe, nami niongezee la kwetu kusini.

Mwaka 1952 ugonjwa uliwapiga watu Uwanda wa Makonde, homa na viungo kukunjamana hadi mtu haamki. Wazee wetu wanausimulia. Daktari Marion Robinson akauandika 1955 kwenye jarida la magonjwa ya tropiki la London, na W. H. R. Lumsden akaandika upande wa mbu na mazingira. Ndiyo chikungunya hiyo, jina ni la kwetu. Baada ya hapo makala ile ikawa inatajwa na watu wachache wa fani, miaka na miaka.

Mwaka 2004 ikaibuka Lamu, ikaingia Mombasa, ikavuka Komoro, ikafika Réunion na kuwalaza karibu theluthi ya wakazi. Ghafla kila mtu duniani anaanza makala yake kwa sentensi moja: ugonjwa huu ulielezwa kwanza Tanganyika na Robinson. Nusu karne baadaye.

Na Zika ndivyo. Kirusi kilipatikana 1947 kwa nyani waliyemweka juu ya jukwaa mitini, msitu wa Zika, karibu na Entebbe. George Dick, Stuart Kitchen na huyo huyo Haddow wakachapisha 1952. Kimya. Brazil 2015 watoto wanazaliwa na vichwa vidogo, Februari 2016 WHO inatangaza dharura, na makala ya 1952 inasomwa kila kona. Haddow alishafariki 1978, Dick 1997. Kamati gani ingewangoja?

Wanaopima mambo haya wanaziita makala zilizolala. Ninachosema mimi, nyingi zilizolala ni za magonjwa ya maskini. Zinaamka ugonjwa ukipanda ndege.

Kivu Yetu

Ndugu zangu, mimi niko Bukavu, nawasoma sana, leo nachangia.

Mnaongea nukuu, lakini kuna swali la kabla ya nukuu: jina lako lipo kwenye makala? Profesa Jean-Jacques Muyembe, daktari Mkongo, alifika Yambuku 1976 ugonjwa usiojulikana ulipozuka, akawatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, maana glovu hazikuwepo, akaja kunawa kwa sabuni tu. Akamshawishi mtawa mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa mgonjwa waende naye Kinshasa. Damu ya mtawa ikapelekwa Antwerp ndani ya chupa ya chai. Machi 1977 Lancet inatoa makala tatu kwa mpigo kuhusu kirusi kipya, Ebola: ya Wabelgiji, ya Waingereza, ya Wamarekani. Tafuta jina la Muyembe kwenye hizo tatu. Halipo.

Ukihesabu nukuu za ugunduzi wa Ebola, aliyeshika sindano ana sifuri.

Mwaka 1995 Ebola ilipozuka Kikwit, yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya waliopona. Alikufa mmoja. Wakubwa wa nje wakasema huo si ushahidi, hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kisayansi walikuwa na hoja, sikatai. Lakini kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ndipo ikatengenezwa dawa ya Ebola iitwayo mAb114. Ikajaribiwa huku kwetu, Beni, Butembo, Katwa, Mangina, wagonjwa 681, dawa nne, risasi zinalia. Makala ilitoka 2019 New England Journal of Medicine. Mwandishi wa kwanza Sabue Mulangu, Mkongo. Wa mwisho Muyembe. Miaka 43.

Sasa hivi namba zake ni kubwa. Zile za 1976 hazikurudishwa.

Bint Pangani

Kivu Yetu, hii imenigusa kuliko ya Burkitt, nakwambia kweli. Hata huyo Burkitt, nani alikuwa anawashika watoto wale wapigwe picha? Nani alikuwa anatafsiri Kiluganda na Kiacholi kwa mama zao? Wauguzi na wasaidizi wa Mulago. Nao hawako kwenye makala.

Dokta wa Wodi

Salaam. Mimi niko wodi ya watoto, saratani, hospitali ya rufaa sitaitaja. Niwape picha ya huku.

Limfoma ya Burkitt ndiyo saratani inayokua haraka kuliko karibu zote za binadamu. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto anakuja leo jicho limesukumwa nje, meno yanalegea, mama anasema alianza na jino kuuma. Wameshang'oa jino kituo cha afya. Na wanapoambiwa ni saratani wanajua ni kifo.

Lakini kwa sababu inakimbia hivyo, dawa inaikamata inapojigawa. Cyclophosphamide, dawa ya zamani na si ya bei mbaya. Ukianza Jumatatu, Ijumaa mama mwenyewe anaona uso unarudi. Nimeona mtoto anaomba uji siku ya tatu. Hatari inahamia kwenye figo, maana uvimbe ukiyeyuka ghafla takataka zote zinakwenda huko, kwa hiyo kazi kubwa ya usiku ni maji, maji, kupima mkojo, maji tena.

Hili la dawa nalo lilianza Mulago. Burkitt hakuwa na mashine za mionzi, akawa anaomba dawa mpya kwa Wamarekani na kuzijaribu. Mwaka 1967 kikaanzishwa kituo cha limfoma pale, chini ya John Ziegler, ndicho leo Uganda Cancer Institute. Enzi za Amin Wamarekani walipoondoka, Charles Olweny, Mganda, akabaki nacho. Tuzo ya Lasker ya 1972, ile ya tiba kule Marekani, ilimtaja Burkitt na Ziegler pia.

Sasa nirudi kwenye mada. Mimi makala ya 1958 sijawahi kuisoma. Wenzangu pia. Kila siku tunasema "kitanda cha sita ni Burkitt". Tumeandika makala na kuandika limfoma ya Burkitt bila kumnukuu, kwa sababu nani ananukuu chanzo cha neno malaria?

Mzee wa Maktaba

Dokta, asante sana, umesema nilichotaka kukifikia. Mwanasosholojia Robert Merton aliliandikia hilo: kazi ikizoeleka mno, kila mtu anaitumia na hakuna anayetaja ilikotoka. Kwa hiyo nukuu hupungua kwa kazi iliyoshindwa NA kwa kazi iliyoshinda kupita kiasi. Namba ni moja, maana mbili zinazopingana.

Mpenda Dona

Samahani wakuu, huyu Burkitt ndiye yule wa nyuzinyuzi? Wa kula dona na mboga?

Mzee wa Maktaba

Ndiye huyo huyo! Alirudi Uingereza 1966 na akaanza maisha ya pili. Swali ni lile lile la Lango, ipo wapi na haipo wapi: mbona Mulago hakuwa anaona saratani ya utumbo mpana, mawe ya nyongo, kidole tumbo, na Uingereza ndiyo kazi ya kila siku? Akasema tofauti ni nyuzinyuzi za chakula. Yeye na wenzake wakawa wanapima mavi. Kweli kabisa: uzito, na saa ngapi tangu chakula kiingie hadi kitoke, Waingereza kwa wanavijiji wa Afrika. Lancet 1972. Makala zake za kipindi hicho zimenukuliwa mno, na ndizo zilizomfanya maarufu kwa watu wa kawaida.

Na hapa mtanishangaa, maana ndipo kazi yake ilipo dhaifu zaidi. Alilinganisha nchi na nchi, na nchi zinatofautiana kwa mambo mia. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa Marekani yaliwapa watu nyuzinyuzi zaidi, vinyama vya utumbo, vile vinavyoweza kugeuka saratani, vikarudi vile vile. Baadaye utafiti mpana wa Ulaya wa 2003 ukaona wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanapata saratani hiyo kidogo zaidi. Ubishi haujaisha, na kila anayebisha anamnukuu. Kazi ya uhakika ikalala, ya ubishi ikavuna.

Dona endelea nalo lakini.

Mhadhiri Mchovu

Mzee, umetubomolea nyumba, sasa tulale wapi? Kamati ikikaa, mafaili yamejaa meza, nani atasoma makala za watu wote? Ndiyo maana wanahesabu. Si ujinga, ni muda.

Mzee wa Maktaba

Hilo ni swali la haki. Hata wakubwa wameliona. Kuna tamko la San Francisco, lilianza 2012, linasema jarida ulilochapisha lisitumike kupima ubora wa makala yako. Na Marekani, ukiomba fedha NIH, taasisi yao ya utafiti wa afya, hawataki orodha ndefu. Wanataka uandike michango isiyozidi mitano, kila mmoja aya moja: tatizo lilikuwa nini, ulipata nini, kilibadilisha nini, na wewe binafsi ulifanya kipi. Makala chache za ushahidi chini yake. Aya tano kamati yoyote inaweza kusoma. Anayekata makala moja vipande vinne anaumbuka kwenye aya ya pili, na wa jina la tano anaumbuka kwenye "wewe binafsi ulifanya kipi".

Bint Pangani

Hiyo naikubali, kwa sharti namba zibaki pembeni kama ushahidi. Haya, tumjazie Burkitt fomu:

Moja, mabusha Lango, na tabia ya kuuliza ipo wapi. Mbili, kuona kwamba mafaili ya taya, figo na ini ni ugonjwa mmoja, 1958, jina kakosea. Tatu, ramani na safari ya gari, pamoja na Williams, Nelson na Haddow, na mhadhara uliomleta Epstein. Nne, dawa peke yake bila kisu wala mionzi kwa watoto wa Mulago. Tano, nyuzinyuzi.

Ningempitisha kwa ya pili na ya tatu. Ya tano ningemwita kikaoni aje aitetee.

Dokta wa Wodi

Na ya nne tuongezeeni "pamoja na wauguzi wa zamu ya usiku". Hayo maji hayajiweki yenyewe.